Jina Utakaloitikia Ukizimia

Saa saba mchana, kona ya Msimbazi na Uhuru, jua lilikuwa linawachapa watu bila kuuliza kabila wala dini. Kwenye mkokoteni wa juisi ya miwa kulikuwa na foleni, kama ile tunaweza kuiita foleni: watu kumi na wawili wamebanana, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye wa pili. Badria alikuwa wa pili kweli. Baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau, na uso wa mtu aliyesimama tangu asubuhi akiwakunjulia vitenge wateja wa Lubumbashi, ambao hata ukiwapa bure watauliza kama kuna punguzo.

Muuza juisi alichukua kipande cha tangawizi akitaka kukisukuma kwenye mashine pamoja na muwa.

"Huyo usimtilie tangawizi," sauti ikasema nyuma ya Badria, upande wa kushoto. "Itamdhuru."

Badria akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka limekuwa na kona, ndevu zimechongwa kwa mstari, viatu vyeusi vya kufunga kamba. Hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Samahani kaka, tunafahamiana?"

"Bado."

"Sasa umejuaje kama tangawizi inanidhuru?"

Kijana akaweka sawa kola ya shati. "Nimebahatisha. Una uso wa mtu asiyepatana na tangawizi."

"Uso wa hivyo unakuwaje?"

"Mzuri, lakini una tahadhari."

"Dada," muuza juisi akaingilia, "nitie nisitie? Mashine inakunywa mafuta hapa, mapenzi mtafanyia kule pembeni."

"Usitie," Badria akasema polepole. Ukweli ni kwamba tangawizi ilikuwa inamfunga koo. Mara ya mwisho alilazwa siku mbili. Watu waliolijua hilo hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao walikuwa makaburini.

Kijana alijitambulisha, Hashimu, fundi wa kompyuta, ofisi yao ipo Mtaa wa Aggrey. Akaomba namba. Mwanamke wa Kariakoo hutoa kwanza namba ya uongo, ya kweli huja akishakupima. Badria akajisikia anataja ya kweli, tarakimu moja moja, huku Hashimu akiibonyeza kwenye simu. Akiwa bado hajataja zile mbili za mwisho, kidole cha kijana kilikuwa kimeshazibonyeza.

Au jua lilimdanganya macho. Alijiambia ni jua.

*

Duka alilofanyia kazi Badria lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, ghorofa nne za vitenge na khanga za jumla, mali ya Mama Madhuben, mjane wa miaka sabini aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo na aliyeongea Kiswahili cha kuwaumbua wenye nacho. Kaunta aliigawana na Severa, binti wa Kilosa, ambaye mdomo wake ulikuwa haujawahi kwenda likizo.

"Kakuambia usinywe tangawizi?" Severa akauliza. "Mtu hajui jina lako, anajua tumbo lako?"

"Koo."

"Koo, tumbo, njia ni ile ile."

Jioni ile simu ikaita wakati Badria anapanda ngazi za kwao, Mtaa wa Mchikichi, alikoishi na shangazi yake Nasreen.

"Habari ya malkia wa vitenge?"

"Malkia gani anapanda ngazi amebeba nazi na mkaa?"

"Malkia asiye na mume. Nafasi ipo?"

"Tuma barua ya maombi," Badria akasema, akicheka peke yake kwenye ngazi kama kichaa. "Ambatanisha na vyeti."

Wakaongea hivyo wiki nzima. Hashimu alikuwa mwepesi wa maneno na mvumilivu wa kusikiliza, vitu viwili ambavyo kwa wanaume wa mjini ni nadra kuvikuta kwenye duka moja. Alikuja kumchukua dukani wakala chipsi Mnazi Mmoja, wakatembea mpaka Posta. Wakitembea, kila mara alikaa upande wake wa kushoto. Akizidiwa na msongamano akajikuta kulia, alizunguka nyuma yake na kurudi kushoto, bila kusema kitu. Sikio la kulia la Badria lilikuwa halisikii vizuri tangu utotoni. Hakuwahi kumwambia. Mwanzoni alimshukuru Mungu kwa mwanaume mwenye adabu. Usiku, kitandani, alianza kuwaza adabu ile imejifunzia wapi.

Siku ya kumi na mbili, kwenye simu, alikuwa anamsimulia mteja mmoja aliyerudisha kitenge kwa sababu mume kakiita pazia. Hashimu alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Unanimaliza, Kiduchu."

Badria akaketi kitandani. Feni ya darini ilikuwa inazunguka. Chumba cha pili shangazi alikuwa anakoroma.

"Umeniitaje?"

Hashimu akakohoa tena, bila sababu.

"Hashimu, umeniita nani?"

"Nimesema… kidogo hivi. Kwamba u mdogo. Ni utani tu."

Kiduchu lilikuwa jina la baba yake. Yaani baba ndiye aliyempa, na baba peke yake ndiye aliyemwita hivyo, na baba alikuwa na miaka tisa kwenye udongo wa Kisutu. Badria alikata simu, akaiweka chini ya mto, kisha akaitoa chini ya mto na kuiweka juu ya kabati, mbali.

*

"Huyo si mtu," Severa akatoa hukumu asubuhi, akiwa na andazi mdomoni. "Umewahi kuiona miguu yake?"

"Severa, acha ujinga."

"Nakuuliza wewe wa pwani, mimi wa bara nitajua nini? Nyie ndio mnaosema jini akijigeuza mtu anabaki na kwato. Viatu vya kufunga kamba na jua hili? Mwenzio anaficha."

Badria alicheka, ila kicheko hakikufika mbali, maana maneno kama hayo aliyasikia nyumbani kila siku, tena bila utani. Shangazi Nasreen aliamini kwa dhati kuwa mpwa wake ana jini mahaba, jini anayempenda mwanamke na kumvunjia kila ndoa ya binadamu. Ushahidi alikuwa nao: ndoa ya Badria na Khalfani ilidumu miezi minane. Jini mahaba, shangazi alisema, huja kwa sura ya kijana mtanashati, na hukujua kuliko mama yako aliyekuzaa.

Jumamosi mchana, kwenye nyasi za Mnazi Mmoja, wapita njia wakikata kuelekea mjini, Badria akamkazia macho Hashimu.

"Vua viatu."

"Hapa si msikitini."

"Vua."

"Na soksi?"

"Na soksi."

"Wengine huanza kwa kushikana mikono, habibti."

"Hashimu, vua au nakwenda zangu."

Akavua. Vidole vitano huku, vitano kule, kucha moja imekuwa nyeusi kwa kuangukiwa na kitu. Badria aliipapasa ile kucha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi.

"Nimefaulu mtihani?"

"Mtihani wa kwanza."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kwato."

Hashimu alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi. Badria akacheka naye, moyo ukarudi mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu Khalfani akajiruhusu kufikiri kuwa labda, huenda, inawezekana. Mtu mwenye kucha iliyokufa hawezi kuwa jini. Majini wangejitengenezea nzuri.

Jumapili iliyofuata walikwenda Magogoni kupanda kivuko waende Kigamboni kula samaki. Mchana, watu wamejaa wanasubiri geti lifunguliwe, upepo umebeba harufu ya pweza wa kukaanga kutoka soko la Feri. Badria alikuwa na gauni la njano na ushungi mweupe, amependeza mpaka wauza korosho wanamsalimia mara mbili mbili. Hashimu aliangalia saa yake, akasema kama mume wa miaka ishirini:

"Saa sita hii. Umemeza dawa yako?"

Geti likafunguliwa. Watu wakawapita huku na huku, mabegi, kuku, pikipiki. Wao walibaki wamesimama.

"Dawa gani?" Badria akauliza.

Hashimu akaitazama saa yake tena.

"Nakuuliza, dawa gani?"

"Badria, nisikilize—"

"Usinishike."

Alirudi nyuma, hatua moja, mbili, akageuka akakimbia na gauni lake la njano mpaka barabarani, akarukia bajaji ya kwanza.

Badria alikuwa na kifafa tangu akiwa na miaka kumi na minne. Akimeza dawa kwa saa yake, mwaka mzima uliweza kupita salama. Kabla hakijamwangusha, harufu ya nguo inayoungua ilimpitia puani, na sauti za watu zikawa mbali, kana kwamba wanaongea chini ya kisima. Alipoolewa na Khalfani, shangazi alikula yamini kwamba neno hilo halitatajwa. Halikutajwa. Mwezi wa nane wa ndoa Khalfani alimkuta jikoni, chini, macho yamegeuka, na kabla jua halijazama alikuwa amemrudisha kwao na kila kilicho chake isipokuwa pete. Tangu hapo Badria alijiwekea sheria moja tu maishani: atakayejua, atajua kwa kinywa chake yeye, siku atakayochagua yeye. Sasa kuna kitu kilikuwa kimejua. Hakuwa amekiambia, na kilikuwa kinampigia simu kila jioni na kumwita kwa jina la marehemu.

*

Simu aliizima. Shangazi aliposikia, hakuuliza mengi. Alifukiza udi siku nne mfululizo mpaka majirani wa juu wakateremka kuuliza kama kuna harusi. Badria alikaa ndani ya ule moshi akisikia hofu ya ajabu: kila alichokuwa nacho, mpaka vya ndani kabisa, kilionekana kina jicho limekiegemea. Akioga, alifunga dirisha. Akisali, alinong'ona.

Alhamisi, Mama Madhuben aliwakusanya wafanyakazi wote ghorofa ya kwanza kabla ya kufungua duka.

"Shikamoo Mama," wakaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Marahaba. Kaeni, simfukuzi mtu." Alivaa sari ya kijivu na kandambili, miwani imening'inia kifuani. "Wakili wangu amenigombeza. Anasema kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na mimi nimekuwa nikiwauliza mambo ambayo mwajiri hana haki ya kuyauliza. Fomu yangu mnaikumbuka?"

Nani angeisahau. Maswali hamsini na moja. Ilizaliwa siku Benjamini, mtunza stoo, alipoanguka kwenye ngazi. Walimwita "Benjamini, Benjamini" mpaka sauti zikakauka, hakuitika. Mwili ukakaa mochwari siku tatu kwa sababu hakuna aliyejua kwao. Mama yake alipofika kutoka Songea alisema mwanawe kwao anaitwa Lupembe, na pengine wangemwita hivyo angegeuka. Mama Madhuben hakulala wiki nzima. Kisha akaandika fomu yake: nani aitwe ukifa, uzikwe wapi, usipewe chakula gani, una maradhi gani na unameza dawa saa ngapi, unaogopa nini, na swali la arobaini, *jina utakaloitikia ukizimia*.

"Nilifanya kwa huruma," Mama Madhuben akasema. "Wakili anasema huruma si kibali. Mafaili yote yameingizwa kwenye kompyuta mwezi wa tatu. Mna haki ya kuona kilichomo, kusahihisha, na kutaka kifutwe. Anayetaka aende kwa Utsav."

Badria alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuwa anawaza lolote. Miguu tu ilisimama.

Utsav, mtoto wa mwisho wa Mama Madhuben, alimfungulia kwenye kioo cha kompyuta akatazama pembeni kwa heshima. Badria akasoma mwandiko wake mwenyewe wa miaka minne iliyopita, wa wino wa buluu. Tangawizi. Sikio la kulia. Kifafa, dawa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa mbili usiku. Namba ya simu. Kiduchu. Akaligusa jina kwa kidole. Jini lilikuwa limesomea hapa.

"Utsav, kaka yangu. Nani mwingine anaweza kuliona faili hili?"

"Mimi na Mama. Na Mama hajui hata kuwasha kompyuta."

"Mfumo hauandiki nani kafungua?"

"Unaandika." Akabonyeza mahali. Halafu akaegemea mbele, karibu na kioo. "Hii siielewi."

Orodha ilianza juu ikateremka mpaka mwisho wa kioo, ikaendelea. Jina lilikuwa moja tu: Hashimu Mbwana, fundi wa kampuni iliyoskani mafaili na kuhudumia mfumo. Mara thelathini na nane. Takriban kila siku ya kazi kwa miezi miwili, saa saba mchana, saa ile ambayo watu wengine wanakula. Mstari mmoja ulikuwa wa siku ya juisi ya miwa: saa sita na dakika hamsini na moja. Alikuwa amesoma, akafunga, akateremka kwenda kumsubiri.

Badria alitegemea kuona hasira imemjaa. Iliyomjia kwanza ilikuwa baridi, na nyuma yake aibu, kama mtu aliyegundua kuwa chumba alichokuwa anabadilishia nguo hakina ukuta mmoja.

*

Alimkuta nje ya ofisi yao, Mtaa wa Aggrey, kati ya duka la mabegi na fundi cherehani. Hashimu alikuwa amekonda. Shati halikupigwa pasi.

"Thelathini na nane," Badria akasema.

Hakujifanya haelewi. Hilo tu lilimsaidia asipigwe kwa pochi. "Ndiyo."

"Nilikutafutia kwato."

"Bora ningekuwa nazo."

"Usinichekeshe. Leo usithubutu kunichekesha." Sauti yake ilikuwa ndogo, na fundi cherehani aliacha kukanyaga pedeli ili asikie vizuri. "Sheria inasema taarifa za mtu zikichukuliwa kwa kazi moja zisitumike kwa nyingine. Mimi ile fomu niliijaza ili nizikwe, Hashimu. Sikuijaza ili nitongozwe."

"Najua."

"Naweza kwenda kukushitaki kwenye Tume ya taarifa binafsi leo hii."

"Unaweza. Nami nitakubali mbele yao." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa naskani mafaili mia moja na kumi. Siangalii, napitisha tu. Lako likakwama kwenye mashine. Nikalivuta, nikaona picha, nikasoma swali moja. Unaogopa nini. Wengine wote waliandika nyoka, umeme, Mungu. Wewe uliandika, *kuamka na kukuta watu wamenizunguka wananitazama*. Nikashindwa kulifunga. Kesho yake nikarudi. Nikawa narudi."

"Na wewe ukawa nani, Hashimu? Si mmoja wa hao hao? Tena hao wa barabarani wananitazama mara moja. Wewe umenizunguka miezi miwili."

Hashimu akainamia viatu vyake.

"Kila kitu kizuri ulichonifanyia," Badria akaendelea, "sijui kipi kilitoka moyoni na kipi kilitoka swali la kumi na saba. Hata ile kukaa kushoto kwangu. Nimeipenda ile. Sasa naisikia kama mtu ananipapasa gizani."

"Kiduch—"

"Jina hilo ukilitaja tena, wallahi, sijui nitakufanya nini."

Akaondoka. Fundi cherehani akatikisa kichwa, akamwambia Hashimu, "Bwana mdogo, umeshona kitambaa kabla ya kupima," akarudi kwenye pedeli yake.

*

Wiki tatu zikapita. Kariakoo haisubiri mwenye huzuni. Vitenge vikauzwa, wateja wakalia punguzo, Severa akatania, ila kwa kujipunguza, maana naye ana moyo. Jambo la ajabu ni kwamba hofu haikumwacha Badria hata baada ya kujua hapakuwa na jini. Jini lingefukizwa. Hiki kilikuwa binadamu, chenye kumbukumbu, na hakuna udi wa kufuta alichosoma.

Aliandika barua kwa Mama Madhuben, kwa kufuata maelekezo ya wakili: maradhi yake yafutwe kwenye mfumo, na swali la arobaini pia. Ijumaa mchana Mama Madhuben akamwita ofisini, akamwonyesha karatasi mpya. Maswali yalikuwa yamebaki kumi na moja.

"Yako yamefutwa. Utsav amefuta mbele ya macho yangu, nami nimesaini. Keti, mwanangu." Akavua miwani. "Yule kijana alikuja."

Badria akaketi.

"Siku ile ile mliyogombana. Alikuja na bosi wake, mwenyewe kwa miguu yake, akasema amefungua faili la mfanyakazi wangu mara thelathini na nane bila kazi. Bosi wake alikuwa hajui. Amemfukuza hapo hapo, mbele yangu. Nikamuuliza, kuna nini kwenye faili hilo mpaka ulisome hivyo? Maana mimi, nikuambie ukweli, zile fomu sijawahi kuzisoma. Nilizijaza kabatini. Nilitaka tu ziwepo, siku mtu akianguka."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Bosi wake akamkemea, jibu mama wa watu. Akasema, 'Hilo si langu kulisema, nilishalichukua mara moja bila ruhusa.' Bosi akamtishia polisi. Kijana akasimama tu." Mama Madhuben akavaa tena miwani. "Na mimi sikuulizi. Nimejifunza uzeeni, lakini nimejifunza."

Badria alirudi kaunta, akakunja vitenge sita, akavikunjua, akavikunja tena.

"Unavikomoa?" Severa akauliza.

"Severa, mtu akikuibia, halafu akapigwa ili ataje alichoiba, na asitaje. Huyo ni mwizi?"

"Ni mwizi," Severa akasema baada ya kufikiri. "Ila ni mwizi ninayeweza kumwachia mtoto."

Usiku huo Badria aliifungulia namba ya Hashimu, aliyokuwa ameizuia, akaandika ujumbe wa maneno machache: *Ukitaka kunijua, pita mlangoni kama watu.*

*

Hashimu hakujibu kwa maneno. Wiki iliyofuata, Jumapili saa tano asubuhi, mlango wa shangazi Nasreen ulibishwa hodi na mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kiua, Mzee Abbasi, mjomba wa Hashimu, mshenga. Kijana mwenyewe alibaki kwao Kigogo, maana mwanaume hakai kwenye posa yake mwenyewe.

Badria aliwekwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka. Alikuwa amevaa khanga mpya bado ina harufu ya duka. Kupitia pazia aliona mikono ya shangazi ikipanga vikombe.

Kabla ya mgeni kufika, shangazi alikuwa amemwonya. "Neno lile halitatoka. Siri ya nyumba haiwekwi mezani siku ya posa."

"Lilifichwa kwa Khalfani, shangazi. Unakumbuka lilivyoishia?"

"Lile lilikuwa jini."

Sasa ilikuwa zamu ya maswali. Ukitaka kujua ukusanyaji wa taarifa za mtu, achana na kompyuta. Muulize mwanamke wa Mchikichi anayetaka kuozesha. Shangazi aliuliza babu alizikwa wapi, kijana anasali wapi, kazi kaachaje. Mzee Abbasi akajibu kila kitu bila kuficha, mpaka hilo la kazi. "Alikosea," akasema. "Alifungua kisichokuwa chake. Ametubu, na sasa ana kibanda chake cha kutengeneza simu."

"Nataka kumsikia mwenyewe," shangazi akasema. "Mpigie."

Mzee Abbasi akapiga, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa ya miaka themanini, akaweka spika. Sauti ya Hashimu ikajaa chumbani, ikapita pazia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kijana, nikuulize. Mwanetu unamjua?"

"Namjua kwa kiasi alichoniambia mwenyewe."

"Usinijibu kwa mafumbo. Na afya yake je? Kuna lolote unalolijua?" Shangazi aliuliza kwa hila, anataka kupima kama siri imevuja. Mzee Abbasi aliinua uso kutoka kwenye kikombe.

Nyuma ya pazia Badria alishikilia ukuta. Kwa sekunde moja alisubiri harufu ya nguo inayoungua. Haikuja. Palikuwa na harufu ya iliki tu, na moyo wake mwenyewe unagonga sikio lile zima. Neno moja la yule kijana lingetosha. Angeweza kusema *najua, na bado namtaka*, na chumba kizima kingemwona shujaa, na yeye angekuwa amesomwa kwa sauti mbele ya mgeni, mara ya thelathini na tisa.

"Hajaniambia kitu, shangazi," Hashimu akasema. "Likiwepo la kuniambia, ataniambia akitaka. Asipotaka, posa yangu iko pale pale."

Shangazi akashusha pumzi, ameridhika. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha salama.

Pazia likafunguka. Badria akatoka, mbele ya mshenga, kitu ambacho mwari hakifanyi, na vikombe vikagongana mikononi mwa shangazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," Mzee Abbasi akasema, ameduwaa.

"Naomba simu yako."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akatafuta kwa kidole ile alama ya spika, akaizima. Chumba kikawa kimya ghafla. Sauti ya Hashimu, iliyokuwa ya watu wote, ikawa nukta ndogo ndani ya kiganja chake. Akaenda nayo roshani, akavuta mlango nyuma yake, akaiweka kwenye sikio la kushoto. Chini, Mtaa wa Mchikichi ulikuwa unauza kila kitu kwa kila mtu.

"Hashimu."

"Nipo."

"Sijakusamehe kote. Kuna mahali bado pana baridi, na sijui patapata joto lini."

"Nitakaa nje mpaka utakaponiambia ingia."

"Kuna jambo langu nataka kukuambia. Ulisikilize kama hujawahi kulisikia."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa, mtu akiketi.

"Sijawahi kulisikia," Hashimu akasema. "Niambie."

Badria akafumba macho, akaanza na ile siku ya kwanza, darasa la saba, mchana, alipoanguka mstarini.